Kutoka Mlimba Hadi Makambako: Kinachoua Relini

Treni ya TAZARA ikiacha bonde la Kilombero pale Mlimba, ina kilomita 157 za kupanda hadi Makambako, na katika mwendo huo inapaa zaidi ya mita elfu moja. Ukichungulia dirishani, kama si daraja ni handaki, na kama si handaki ni njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Daraja la Mto Mpanga limebebwa na nguzo za karibu mita 50. Reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina mahandaki zaidi ya ishirini, na mengi yamesongamana kwenye kipande hiki kimoja. Ukimwambia mtu achague mahali pa kuogopa katika reli zote za Tanzania, atachagua hapa.

Atakuwa amekosea. Maafa makubwa kuliko yote ya reli nchini yalitokea mkoani Dodoma, kwenye nchi iliyo wazi, bila handaki wala korongo. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ya Reli ya Kati iliyokuwa ikipanda mwinuko ilipata hitilafu ya breki. Ikaanza kurudi kinyumenyume, ikishika kasi, hadi ilipoigonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walifariki. Ndani ya mabehewa walikuwamo abiria zaidi ya elfu moja.

Idadi hiyo inapata uzito wake ukiiweka kando ya historia ya treni za chini ya ardhi, ambazo wengi huziona kuwa za kutisha kuliko usafiri wote. Tangu London ilipofungua njia ya kwanza mwaka 1863, maafa mabaya kupita yote chini ya miji ni ya Baku, mji mkuu wa Azerbaijan: tarehe 28 Oktoba 1995 hitilafu ya umeme iliwasha moto ndani ya handaki, na watu 289 wakafa, wengi kwa moshi wenye sumu. Kati ya Baku na Igandu kuna tofauti ya watu wanane.

Na ukifuatilia chanzo cha kila ajali, mara chache utalikuta handaki lenyewe. Paris, Agosti 1903, kituo cha Couronnes: watu 84 walikufa kwa moshi. Taa za kituo zilitumia umeme uleule wa treni, kwa hiyo moto ulipokata nyaya kukawa giza totoro, na muda wa kukimbia ulikuwa umeshapotea huku baadhi ya abiria wakidai kwanza warudishiwe nauli. New York, 1 Novemba 1918: madereva walikuwa wamegoma, uongozi ukamkabidhi usukani karani wa kupanga treni ambaye mafunzo yake yalikuwa ya kubahatisha. Akaingia kwenye kona ya Malbone Street kwa mwendo uliopita kiasi mara kadhaa, mabehewa ya mbao yakasambaratika, na zaidi ya watu 90 wakafa. London, 1987, kituo cha King's Cross: njiti ya kiberiti ilidondoka chini ya ngazi ya umeme ya mbao, penye grisi na takataka za miaka mingi, na watu 31 wakafa. Nyaya, mafunzo, ufagio. Baada ya matukio haya kanuni zilibadilishwa: taa za dharura zikapata umeme wake, marufuku ya sigara ikapanuliwa, ngazi za mbao zikaondolewa. Kanuni za usalama wa reli karibu zote zina tarehe ya msiba nyuma yake.

Afrika Mashariki ilianza vibaya zaidi, kwa sababu hapa reli iliua kabla haijabeba abiria. Ujenzi wa Reli ya Uganda kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896, uligharimu maisha ya vibarua wa Kihindi 2,493 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Vitabu vinapenda simba wa Tsavo waliokula vibarua. Vilivyoua hasa ni malaria, kuhara na ajali za kazini. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipoteza zaidi ya wafanyakazi 160, wakiwamo Wachina zaidi ya 60, baadhi yao wakizikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Ni vifo vichache kwa mbali, ingawa mlima wa kutoka Mlimba ulikuwa mgumu kuliko chochote Waingereza walichokutana nacho nyikani Taru nchini Kenya.

Lakini kuna vifo ambavyo daftari la reli haliviandiki, na Makambako ndipo mahali pazuri pa kuviona. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya uhakika ya kupitishia mafuta na shaba, na malori yakamiminika kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam. Malori yalipinduka na madereva wakafa kiasi kwamba barabara hiyo ikaitwa njia ya jehanamu. Reli ilijengwa ili mzigo huo uhame. Ukahama kweli: mwishoni mwa miaka ya 1970 TAZARA ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Kisha vichwa vya treni vikachakaa, vipuri vikakosekana, na kufikia mwaka 2015 mzigo ulikuwa umeshuka chini ya tani laki moja.

Shaba haikuacha kusafiri, ila ilirudi barabarani. Leo malori yake yanapita katikati ya Makambako kuelekea Dar es Salaam, na pale njiapanda yanakutana na mabasi ya Songea na magari ya viazi, mbao na parachichi kutoka Njombe. Reli yenye treni chache haina ajali nyingi, na mtu akisoma takwimu zake peke yake anaweza kuisifu kuwa salama. Naona hesabu hiyo ni ya uongo. Anayegongwa na semitrela kwenye mteremko wa Kitonga, katika barabara hiyohiyo, usiku wa ukungu, wakati mzigo ule ungeweza kuwa relini, ana haki ya kuingizwa katika kumbukumbu za reli.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4, kuifufua TAZARA. Magazeti yameandika zaidi kuhusu vichwa vipya na mabehewa mapya. Mimi ningependa kujua nani atakagua breki kabla treni haijaanza kushuka kutoka Makambako, ana mamlaka gani ya kuizuia isiondoke hata mkubwa akipiga simu, na malori mangapi yatakuwa yamepungua njiapanda ifikapo mwaka wa tano wa mkataba.