KASHI, NA MATONGO YETU

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya safari yangu ya India, na hasa juu ya mji wa Banaras, ambao wenyewe wenye dini yao hupenda kuuita Kashi. Nimekubali kwa furaha. Najua kwamba gazeti hili husomwa na ndugu zangu tuliomaliza zamani, na pia na vijana walio madarasani sasa hivi. Kwa hiyo nitajaribu kuieleza historia ya mji huo kwa ufupi, kisha nitasema kwa nini habari zake zinatuhusu sisi wa Shinyanga na Geita.

Nilikwenda India mwaka 2023 kwa mafunzo ya muda mfupi ya utawala wa ardhi, chini ya mpango wa ITEC, ambao Serikali ya India iliuanzisha mwaka 1964 na ambao umewasomesha watumishi wengi wa nchi yetu. Mafunzo yalipokwisha nilikuwa na siku nne za mapumziko. Wenzangu walikwenda kuitazama Taj Mahal. Mimi nilipanda treni pale Delhi, na baada ya saa nane hivi nikashuka Banaras.

Mji huo uko katika ukingo wa magharibi wa mto Ganga. Ganga, ukitoka katika milima ya Himalaya, hutiririka kuelekea kusini na mashariki, lakini ufikapo hapo huupinda mwili wake na kuelekea kaskazini. Ukingo wa magharibi umejaa nyumba, mahekalu na majumba ya wafalme wa kale. Ukingo wa mashariki ni mchanga mtupu. Kwa sababu hiyo jua linapochomoza huuangaza mji mzima kwa mara moja, na watu wasiohesabika huwa wamekwisha kuteremka ngazi za mawe ili waoge na kuomba wakilielekea. Ngazi hizo huitwa ghat, neno ambalo katika sikio la Mswahili halitofautiani sana na gati yetu ya bandarini. Ziko zaidi ya themanini, na nyingi katika hizo tuzionazo leo zilijengwa katika karne ya 18 kwa fedha za watawala wa Kimaratha.

Mji wenyewe ni mkongwe mno. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale Rajghat dalili za makazi ya tangu karne ya 8 kabla ya Kristo. Mwendo wa kilometa kumi hivi kutoka mjini ni Sarnath, mahali ambapo Buddha alitoa mafundisho yake ya kwanza. Mfalme Ashoka alisimamisha hapo nguzo ya mawe katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na simba wa juu ya nguzo hiyo ndio nembo ya Taifa la India tangu mwaka 1950. Katika karne ya 7 alipita hapo mtawa wa Kichina aitwaye Xuanzang, naye akaandika aliyoyaona.

Msidhani, hata hivyo, kwamba mji huo umedumu kwa sababu haukuguswa. Mwaka 1194 majeshi ya Muhammad wa Ghor yaliuteka na kubomoa mahekalu yake. Mwaka 1669 Mfalme Aurangzeb aliamuru hekalu kuu la Vishwanath livunjwe, na mahali pake ukajengwa msikiti wa Gyanvapi, ambao ungali umesimama hadi leo. Hekalu la sasa lilijengwa ubavuni mwa msikiti huo mwaka 1780 na malkia mmoja wa Kimaratha, Ahilyabai Holkar. Katika miaka ya 1830 Maharaja Ranjit Singh wa Punjab alitoa dhahabu ya kufunika vilele vyake. Mtu aliyezoea kuiona dhahabu ikitoka shimoni ikiwa mawe ya kijivu, husimama kidogo aionapo imekuwa paa la nyumba ya ibada.

Wala si mji wa Wahindu peke yao. Hariri ya Banaras, inayosifiwa dunia nzima, hufumwa zaidi na Waislamu. Kabir, mshairi mkubwa wa karne ya 15 anayeheshimiwa na Wahindu, Waislamu na Masingasinga, alilelewa mjini humo katika nyumba ya mfumaji wa Kiislamu.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zilinigusa zaidi mimi mtumishi wa Serikali. Jina lake James Prinsep, Mwingereza, aliyekaa Banaras kuanzia mwaka 1820 hadi 1830. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa dhahabu na fedha katika kiwanda cha sarafu. Kazi hiyo aliifanya, lakini hakuishia hapo. Aliichora ramani ya mji, akahesabu watu wake, akasimamia mfereji wa chini kwa chini wa kuondoa maji machafu. Baadaye, mwaka 1837 akiwa Calcutta, alifaulu kuyasoma maandishi ya kale ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyaelewa, na ndipo dunia ikayapata tena maneno ya Ashoka kutoka katika mawe yake mwenyewe. Prinsep alishiriki pia katika kuiweka rupia ya aina moja kwa India yote mwaka 1835. Rupia hiyo ilivuka bahari ikawa fedha ya Zanzibar na ya pwani yetu, na Wajerumani nao wakaifuata kwa kutengeneza rupia yao. Mwaka 1916, katikati ya vita, walipiga pale Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, na dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, kusini kwetu. Kwa hiyo tusiione Banaras kuwa mbali sana.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda Manikarnika. Hapo ndipo maiti huchomwa, usiku na mchana, na husemwa kwamba moto wake haujapata kuzimika. Kuni zimepangwa kama magunia ya pamba katika ghala, na huuzwa kwa kupimwa katika mizani. Maiti huletwa juu ya machela ya mianzi, huchovywa kwanza mtoni, kisha huwekwa juu ya kuni. Moto ukimaliza kazi yake, mwana wa marehemu hutupa chungu cha maji kwa nyuma juu ya bega, naye huondoka bila kugeuza uso. Majivu huingia mtoni. Hakuna kaburi, hakuna msalaba, hakuna jiwe.

Nilimwuliza mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, "Mzee, sasa mjukuu atajuaje babu yake alipita hapa?" Akacheka, akaniambia kwamba wako makuhani wa mahujaji ambao kazi yao, toka kwa baba hata kwa mwana, ni kutunza madaftari. Familia ikija na majivu, kuhani huuliza kijiji na ukoo, hufungua daftari refu lililofungwa kwa kitambaa, husoma majina ya waliokuja zamani, kisha huandika jina la aliyekufa na majina ya waliomleta. Desturi hiyo iko katika miji mitakatifu ya mto huo, na madaftari yanayosifika zaidi ni ya Haridwar. Kuna watu wanaokwenda huko na kukuta sahihi ya babu wa babu yao.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipofikiri juu ya kwetu.

Sisi tuna makaburi. Wazee wetu walizikwa nyumbani, karibu na zizi na karibu na minyaa, na aliyetaka kumkumbuka mzee wake alijua pa kwenda. Daftari halikuhitajika maadam tulikaa mahali pamoja. Lakini hatukukaa. Katika Operesheni Vijiji, ambayo kwa Shinyanga ilipamba moto mwaka 1974, watu walihamishwa kwenda katika vijiji vipya, na makaburi yakabaki katika matongo. Waliohama walizijua njia za kurudi huko. Watoto wao wanazijua kwa kuelekezwa. Wajukuu, ambao ni nyinyi mlio madarasani, wengi hamzijui kabisa.

Kisha ikaja dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na kwa muda wa miaka mingi nchi ikatulia. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Ardhi ikatakiwa. Sheria yetu ya mwaka 1969 imeweka utaratibu wa kuhamisha makaburi ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, na wenye wafu hulipwa gharama. Mimi mwenyewe nimeshika karatasi hizo katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Karatasi ina nafasi ya kuandika jina la marehemu. Zaidi ya nusu ya makaburi yale hayakupata jina. Yaliandikwa "babu wa" fulani, au "mama mkubwa wa" fulani, au namba tu. Mayu mmoja, mzee sana, aliposikia kaburi la mkwewe limesomwa kwa namba, alisimama akaniambia, "Mwanangu, namba huitwa ng'ombe wa mnadani." Akataja jina la mkwewe, la baba yake, na la baba wa baba yake, tukayaandika yote. Fidia aliipokea baadaye, wala hakuihesabu mbele yetu.

Sisemi kwamba mgodi usichimbwe. Barabara, shule na zahanati zinataka fedha, na fedha yetu iko chini ya ardhi. Hata Kashi penyewe mji umebomolewa ili kuupanua. Mwaka 2021, tarehe 13 Desemba, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua njia pana itokayo hekaluni hadi mtoni. Kwa mujibu wa taarifa ya Serikali yao, nyumba na majengo zaidi ya 300 yalinunuliwa, na wapangaji, wenye nyumba na wenye maduka wapatao 1,400 wakapewa makazi mapya au fidia. Kuta zilipoanguka, yalionekana mahekalu ya kale zaidi ya 40 yaliyokuwa yamemezwa na nyumba za watu. Wapo wanaoisifu kazi hiyo, na nilikutana na wengine wanaoililia mitaa yao ya zamani. Tofauti niliyoiona ni hii: wao, nyumba ikivunjwa, daftari linabaki. Kwetu kaburi likiondoka bila jina, hakuna kilichobaki.

Tena tusidhani kwamba kuyaheshimu maji na majivu ni jambo la Wahindi wa mbali. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka na viwanda vya kuchambua pamba katika miji yetu. Na mwaka 1948, baada ya Mahatma Gandhi kuuawa, sehemu ya majivu yake ililetwa Jinja, Uganda, ikamwagwa katika Nile pale inapotoka ziwani. Ziwa hilo ndilo linalopokea maji ya mvua inyeshayo Geita.

Basi, nina ombi kwa vijana wa shule yetu. Mwendapo likizo, kila mmoja achukue daftari moja la kurasa 48. Amwendee mtu mzee kuliko wote katika ukoo, amwombe kwa heshima amtajie majina ya waliotangulia, kadiri anavyoweza kukumbuka. Aandike jina, jina la baba, mahali alipozikwa, mti au jiwe lililo karibu, na waliohama pamoja walikotoka. Mzee asipojua mwaka, aulizwe kama ni kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya Operesheni. Atakapokwisha, amsomee mzee yote kwa sauti, ili arekebishe penye kosa. Daftari libaki kwa ukoo, na nakala iletwe maktaba ya shule.

Kwa ndugu zangu tuliomaliza, gharama ya madaftari na ya kutoa nakala haitushindi. Mimi nimekwisha kumkabidhi katibu wetu fedha ya madaftari mia moja, na naomba kila mmoja wetu aongeze alichonacho kabla ya likizo ya Juni. Wazee hawatungoji.