Mabeki Wetu Wamebebeshwa Lawama Tangu 1987

Wasee wa Gitothua, tuongee kuhusu Madagascar kidogo. Najua bado inauma.

Agosti 22, 2025, Harambee Stars walitolewa CHAN hapo Kasarani, kwa matuta, 4-3, baada ya sare ya 1-1. Kesho yake, kutoka kwa kinyozi hadi ndani ya mat za Ruiru, hadithi ilikuwa moja: mbona tulirudi nyuma? Omija alifunga dakika ya 48, na basi likapakiwa. Benni McCarthy aliogopa. Mabeki walilala. Kila mtu ghafla ni kocha.

Mimi naona tunauliza swali lisilo sahihi, na tumekuwa tukiliuliza miaka mingi.

Hebu angalia hiyo CHAN yote. DR Congo, 1-0. Angola, 1-1. Morocco, 1-0. Zambia, 1-0. Madagascar, 1-1. Mechi tano, tumefungwa mabao mawili tu, na la Madagascar lilikuwa penalti. Yaani kwa dakika 120 hawakupata njia nyingine ya kuingia. Na usisahau mechi ya Angola tulicheza watu 10 zaidi ya saa moja baada ya Nabwire kupewa kadi nyekundu. Ya Morocco, Erambo alitolewa kabla ya mapumziko, tukalinda bao la Ogam kipindi cha pili chote tukiwa 10. Hao Morocco ndio walikuja kubeba kombe. Siku hiyo hakuna mtu alilia kuhusu kupaki basi. Tuliita ushujaa. Difensi ni ile ile, jina ndilo linabadilika kulingana na matokeo.

Sasa soma hizo skoa tena, lakini upande wetu. Moja, moja, moja, moja, moja. Kila mechi bao moja, basi. Ukicheza hivyo, beki hana ruhusa ya kukosea hata sekunde moja. Mpira ukigusa mkono mara moja, mashindano yameisha.

Rudi nyuma hadi Misri, AFCON 2019. Watu wanakumbuka Senegal walitupiga 3-0 Cairo, Julai 1, na lawama zote zikaenda kwa mabeki. Inauma zaidi ukijua sare tu ingetupeleka raundi ya pili. Tungekuwa na pointi nne, na timu tatu kati ya zile nne zilizopita kwa nafasi ya tatu zilikuwa na pointi tatu pekee. Na hiyo sare tuliishikilia zaidi ya saa moja. Matasi hata aliokoa penalti ya Mané kipindi cha kwanza. Halafu Sarr akafunga dakika ya 63, ukuta ukabomoka, Mané akaongeza mawili. Ukikaa unapigwa tu bila kutishia upande ule mwingine, mwishowe miguu inachoka, na akili pia.

Lakini siku nne kabla ya hapo tulicheza na Tanzania. Tulifungwa mawili, Msuva na Samatta, tukawa nyuma mara mbili. Kwa vipimo vya wataalamu wetu wa mtaani, hiyo ni difensi mbovu kabisa. Umewahi kusikia mtu akiilalamikia? Hapana, kwa sababu Olunga alifunga mawili na Omolo moja, tukashinda 3-2. Makosa ya nyuma yalifunikwa na mbele.

Na sasa 1987, mwaka ambao wazee wetu hawachoki kuusimulia. Agosti, fainali ya All Africa Games, Kasarani ikiwa mpya kabisa. Misri walitushinda 1-0. Tulifungwa bao moja tu, dhahabu ikaenda. Miezi michache baadaye, Gor Mahia wakakutana na Espérance ya Tunisia kwenye fainali ya Kombe la Washindi Afrika, lile la Mandela. Ukimuuliza mzee yeyote wa Gor atakuambia ukuta: Bobby Ogolla, Austin Oduor "Makamu", hakuna kupita. Sawa, heshima kwao. Lakini hesabu mabao. Tunis ilikuwa 2-2, Nairobi 1-1. Gor walifungwa matatu kwenye fainali hiyo na bado wakabeba kombe, kwa sababu walienda ugenini wakafunga mawili, na sheria ya bao la ugenini ikafanya kazi yake. Hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kubeba kombe la CAF.

Kwa hivyo mwaka huo huo mmoja: walioruhusu bao moja walilia, walioruhusu matatu walibeba kombe.

Sisemi mabeki hawakosei. Wanakosea, na ile penalti ya Madagascar ilikuwa uzembe. Kurudi nyuma pia kuna siku kunakuwa woga, sitabisha. Ninachouliza ni hiki: kutoka dakika ya 48 hadi 69, tukiwa mbele 1-0 na Kasarani yote inaimba, bao la pili lilikuwa kazi ya nani? Beki ndiye alifunga la kwanza.

Niambieni hapo chini. Na usiniletee refa.