Historia ya Kusaka Maneno Marefu kwa Herufi Chache

Kusaka maneno marefu ya Kiingereza yaliyobeba herufi fulani zilizoteuliwa huchukuliwa na wengi kuwa mchezo wa kupitisha wakati, ilhali ndani yake mna elimu ya mpangilio ambayo wanaleksikografia, yaani watungaji wa kamusi, pamoja na wataalamu wa kompyuta wameishughulikia kwa zaidi ya miaka 1,000. Nchini Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 inazitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, elimu hiyo inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Matisi, kata ya eneo bunge la Saboti mjini Kitale, sawa na mwenzake wa Bungoma, kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya masomo na mitihani yao mingi.

Chimbuko la mbinu yenyewe haliko Uingereza. Katika karne ya 8, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mzaliwa wa Oman aliyeishi na kufundisha Basra, alianzisha Kitab al-Ayn, kamusi ya mwanzo kabisa ya Kiarabu, na akakabiliwa na swali la namna ya kuyakusanya maneno yote bila kuacha hata moja. Jibu lake lilikuwa kuziweka pamoja, chini ya kidahizo kimoja, konsonanti zilezile za mzizi katika kila mpangilio unaowezekana, kwa hesabu kwamba konsonanti 2 hupangika kwa njia 2, konsonanti 3 kwa njia 6, 4 kwa njia 24 na 5 kwa njia 120. Kwa hatua hiyo alitenganisha mambo mawili ambayo msomaji wa kawaida huyaona kuwa kitu kimoja, yaani herufi zilizomo katika neno na utaratibu wa kufuatana kwake, na utengano huo ndio msingi wa kila mbinu ya kusaka maneno hadi leo. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mchezo wake wa kupangua maneno uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni ili mazungumzo yasieleweke na wasiohusika, na Askofu Edward Steere alichapisha mfano wake katika karne ya 19.

Mbinu hiyo huonekana wazi zaidi inapotumiwa kwa majina ya mahali panapofahamika. Herufi za jina Kitale, zikipangwa kwa utaratibu wa alfabeti, huwa AEIKLT, na neno la Kiingereza TALKIE, lililotumiwa kuitia filamu za kwanza zenye sauti, likipangwa vivyo hivyo hutoa mfuatano uleule, jambo linalothibitisha kwamba maneno hayo mawili ni anagramu, yaani kila moja limeundwa kwa herufi zote za jingine. Matisi hutoa AIIMST, na ikiongezwa N hupatikana ANIMIST, mtu anayeamini kwamba vitu vya asili vina roho, pamoja na INTIMAS, wingi wa jina la utando wa ndani wa mshipa wa damu, ilhali ikiongezwa R hupatikana SIMITAR, aina ya upanga uliopinda.

Maneno marefu zaidi, mbali na kuwa na kila herufi iliyoteuliwa, huhitaji sharti la pili, ambalo wasakaji wageni hulisahau mara kwa mara, nalo ni kuhesabu herufi zinazojirudia. Kwa kuwa Matisi ina I mbili, neno MASTERPIECE halifai ijapokuwa lina M, A, T, S na I, kwa sababu I yake ni moja tu, ilhali ASSIMILATION lenye herufi 12, ADMINISTRATION lenye 14 na ANTIDISESTABLISHMENTARIANISM lenye 28 yote yanatimiza sharti hilo. Bungoma, yenye herufi saba tofauti, imo nzima ndani ya DISAMBIGUATION, na Kitale imo ndani ya TALKATIVENESS. Mifano hiyo inaonyesha pia kwamba urefu wa maneno ya Kiingereza hutokana kwa kiasi kikubwa na viambishi tamati, yaani vipande vya maana vinavyofungwa mwishoni mwa neno, kama vile -ISM, -IST, -ATION na -NESS, hivyo msakaji mzoefu huanza kwa kutenga herufi zinazoweza kuunda kiambishi kisha akalitafuta shina katika zilizobaki.

Ujuzi huo ulipata uwanja wake mkubwa kupitia Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, ambaye katika miaka ya 1930 alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili kujua ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Kutokana na hesabu hiyo alibuni mchezo ambao James Brunot aliupa jina la Scrabble mwaka 1948, wenye vigae 100, ambamo E ina vigae 12 vya alama moja moja na Q ina kimoja cha alama 10. Ubao wake una miraba 15 kila upande, na kwa hiyo HUMANITARIANISM, neno lenye herufi 15 ambalo nalo limezibeba herufi zote za Matisi, lingeenea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kompyuta ziliipa mbinu ya kale kasi mpya. Katika kitabu chake Programming Pearls cha mwaka 1986, Jon Bentley alieleza jinsi kila neno la kamusi linavyoweza kupewa saini, yaani herufi zake zilizopangwa kialfabeti, ili maneno yenye saini moja yakutane yenyewe orodha inapopangwa. Mwaka 1988, Andrew Appel na Guy Jacobson walichapisha programu ya Scrabble iliyoihifadhi kamusi kama mtandao ambamo maneno yanayoanza au kuishia kwa namna moja hushirikiana njia, hivyo kompyuta huiacha njia isiyo na tumaini mapema badala ya kulikagua kila neno peke yake.

Hata hivyo, mashine hazikuuondoa umahiri wa binadamu, na Afrika imeutoa ushahidi wa hilo. Mwaka 2015 mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza katika fainali na kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, huku Wanigeria wakijulikana kwa mkakati wa kupendelea maneno ya wastani, ya herufi tano hivi, pale ambapo neno refu lingemfungulia mpinzani nafasi nzuri. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya chama cha wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza, WESPA, yalifanyika Nairobi, na orodha rasmi ya maneno yanayokubaliwa katika mashindano ya aina hiyo ilikwisha kuyapokea maneno ya Afrika Mashariki kama HARAMBEE, MATATU, UGALI na NGOMA.

Mwaka uleule wa ushindi wa Jighere, 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa, kwa kuwa alikuwa ameikariri kamusi yake. Ushindi wake na ule wa Jighere unafundisha jambo moja, nalo ni kwamba umahiri wa maneno haurithiwi kwa kuzaliwa na lugha fulani, bali hujengwa kwa utaratibu na kwa kurudiarudia kazi. Walimu wa Matisi, Kitale na Bungoma hawahitaji vifaa vya gharama ili kuuanzisha utaratibu huo darasani, kwani kamusi moja, karatasi na jina la kijiji cha mwanafunzi vinatosha kumfundisha kupanga herufi, kuhesabu zinazojirudia, kutambua viambishi na kuithibitisha kila dhana yake katika kamusi, na mwanafunzi aliyezoea kazi hiyo hukutana na neno refu la mtihani akiwa anajua namna ya kulifungua.