Ochong'a wa Busia na Mfaransa wa Vikamba

Mtu wa Mombasa akipita sokoni Busia penye marundo ya omena, ataona vikamba vidogo vikavu vimejichanganya humo, na bila kusita atasema ni uduvi. Wenyeji watamwambia ni ochong'a. Kila mmoja na lugha ya kwao, ila viumbe hao wawili si wamoja, na aliyewawekea mipaka ni mtu yule yule: Henri Milne Edwards, mtaalamu wa wanyama wa Paris. Mwaka 1830 aliunda jenasi ya Acetes, walimo uduvi wa baharini. Mwaka 1837 akaunda Caridina, ambamo ochong'a wa Ziwa Victoria alikuja kuingizwa baadaye.

Wanatofautianaje? Anza na miguu. Kamba wa kawaida ana jozi tano za miguu ya kutembelea, lakini Acetes amepoteza mbili za nyuma. Caridina anazo zote, na zile mbili za mbele huishia kwa vikoleo vyenye vishungi vya manyoya, ambavyo hufagilia mwani na mabaki yaliyoganda kwenye majani na mawe. Kisha tazama mayai. Jike wa Acetes huyaachia majini yakaelea, wa Caridina huyabeba chini ya tumbo hadi yaanguliwe. Kwa kigezo hicho cha mayai kamba mkubwa anayeuzwa kwa bei ya juu mahotelini Pwani ni jamaa wa karibu wa uduvi, na ochong'a yuko tawi jingine kabisa. Ukiwatazama kwenye ungo huwezi kuliamini hilo.

Ochong'a mwenyewe alishaandikwa kabla jenasi yake haijazaliwa. Polydore Roux, mtunzaji wa makumbusho ya Marseille, alimpata Misri na mwaka 1833 akamwita Pelias niloticus. Mwaka huo huo Roux akafia Bombay. Jina la Pelias nalo halikudumu, kwa kuwa Mjerumani Merrem alikuwa amewapa nyoka tangu 1820, na kanuni haziruhusu jenasi mbili za wanyama kuchangia jina. Lililobaki ni lile la pili, niloticus, yaani wa Nili. Leo huandikwa Caridina nilotica (P. Roux, 1833), na mabano hayo si pambo: yanamwambia msomaji kwamba mgunduzi alimweka kiumbe huyu katika jenasi nyingine, akahamishwa. Sifa ya kumgundua imebaki kwa Roux.

Uhamisho haukumaliza ubishi. Mwaka 1925 Mfaransa mwingine, Bouvier, aliwakusanya vikamba wa nchi nyingi, wakiwemo wa Asia, chini ya jina hilo moja kama aina zake ndogondogo. Kwa maoni yangu alikusanya kupita kiasi. Mwaka 2005 Jasmine Richard na Paul Clark waliwapitia upya wale wa Afrika Mashariki, na baadhi wakatoka wakiwa spishi mpya.

Jina la Nili hata hivyo linalifaa ziwa letu: lori likivuka Malaba na kushika njia ya Kampala, litaukuta mto huo Jinja, pale unapotoka ziwani.

Humo ziwani ochong'a alipata bahati isiyotarajiwa. Mbuta (sangara) walioletwa kutoka nje walipoongezeka miaka ya 1980 waliwamaliza samaki wadogo wengi waitwao fulu, na ochong'a, anayevumilia maji yenye oksijeni haba, akazidi kuzaana. Mbuta wachanga nao wakageuka kumla yeye. Wavuvi wa Port Victoria na Sio Port wakitega omena usiku kwa taa, humkokota pamoja nao, na wengi huishia kwenye mashine za kusaga chakula cha kuku. Watafiti wa Kenya wamejaribu pia kuutumia unga wake kulishia ngege (tilapia) wa mabwawani badala ya unga wa samaki, ambao bei yake humtoa jasho mfugaji.