Fundi Aliyewatazama Wanyama

Sisi watu wa Uvira twamjua kiboko tangu utoto. Mvuvi wa mdomo wa Ruzizi ajua ya kuwa kiboko akipanua kinywa si usingizi, bali ni onyo. Lakini ni nani kwetu aliyekaa saa nzima kumtazama mnyama, apate kujua jinsi mwili wake ulivyoundwa? Huko Ufaransa alikuwako mtu wa namna hiyo, Antoine-Louis Barye.

Alizaliwa Paris mwaka 1795, mwana wa mfua dhahabu. Siku zile mafundi wakubwa walichonga wafalme na mashujaa. Mnyama alihesabiwa kitu duni. Barye hakujali. Alikwenda mara nyingi katika bustani ya Jardin des Plantes, walimofugwa simba na chui. Simba mmoja alipokufa, rafiki yake Delacroix, mchoraji, alimwandikia aje mbio, wapate kuchora maiti yake.

Mwaka 1831 Barye alionyesha sanamu ya chui milia akimla mamba wa Uhindi. Mwaka 1833, simba akimkanyaga nyoka. Wengine walistaajabu, wengine walidhihaki. Simba huyo alitengenezwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na fundi Honoré Gonon. Njia yake ni hii: umbo la nta hufunikwa kwa udongo, moto huiyeyusha nta ikatoka, kisha bronzi humiminwa mahali pake. Ndiyo maana hata manyoya huonekana.

Mwaka 1837 waamuzi wa maonyesho walizikataa kazi alizomfanyia mwana wa mfalme. Basi akaanza kuyeyusha bronzi mwenyewe, akauza sanamu ndogo za kuwekwa nyumbani. Madeni yakamlemea, na mwaka 1848 akanyang'anywa hata mifano ya kazi yake. Hakukata tamaa. Mwaka 1854 aliwekwa kuwa mwalimu wa kuchora wanyama katika bustani ile ile. Alikufa mwaka 1875, mwenye heshima.

Hata Kivu yetu ina kaburi la fundi wa namna hiyo: Carl Akeley, Mwamerika aliyefanya sanamu za tembo kwa bronzi, alikufa mwaka 1926 katika mlima Mikeno, alikofuata habari za gorila.

Basi, ndugu msomaji, jioni viboko wajapo karibu na Uvira, watoto huwatupia mawe. Tuwafundishe kusimama mbali na kutazama. Mnyama akiisha kutoweka, hata fundi hodari hawezi kumrudishia pumzi.