Mahakama, Uteuzi wa Mahakimu na Historia ya Sheria Tanzania

Wanafunzi wetu wa siasa hupenda kusema kwamba Bunge hutunga sheria na mahakama huitekeleza tu. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mahakama ni chombo cha dola kama vyombo vingine, na swali la msingi juu ya chombo chochote cha dola ni hili: nani amekalia kiti, ameketishwa na nani, na kwa maslahi ya tabaka lipi?

Mkoloni alilijua swali hilo kabla yetu. Sheria ya Kiingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, aliileta Tanganyika kama mtu aletaye sanduku la nguo zake. Kwa Waafrika akaweka mahakama za machifu. Mwaka 1929 mahakama hizo ziliondolewa kabisa katika usimamizi wa Mahakama Kuu. Rufani ya mkulima ilikwenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Yaani mtawala aliyedai kodi ndiye pia aliyekuwa hakimu. Na zile tuziitazo mila hazikubaki mdomoni mwa wazee: za Wahaya zilichapishwa kitabuni mwaka 1945 na Hans Cory na Hartnoll, watumishi wa serikali ya kikoloni. Mila iliyokuwa ikienda na wakati ikagandishwa.

Uhuru ulipopatikana, kazi ilianza juu na chini kwa pamoja. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanasheria wa kwanza kufundishwa nchini walisomea chini ya paa la Chama. Rufani za kwenda London zilikomeshwa nchi ilipokuwa Jamhuri, 1962. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na sheria mpya ya mahakama ya mwaka huo huo ikaunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kutoka Mahakama ya Mwanzo, inayoendesha kesi kwa Kiswahili, hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1965 Jaji Mkuu Mwingereza alipokewa na Telford Georges, mtu wa Karibiani aliyekuwa jaji Trinidad. Mwaka 1971 akafuata Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza. Na mwaka 1977 Francis Nyalali, aliyekaa hadi 2000. Mahakama ya Rufani yetu wenyewe ilizaliwa 1979, baada ya Jumuiya kuvunjika.

Lakini tusijidanganye, ndugu. Kubadili rangi ya hakimu si kubadili sheria anayoisoma. Mwaka 1963, katika kuunganisha mila, amri ya serikali iliandika kwamba mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Serikali yetu huru ndiyo iliyoiandika. Mwaka 1968 Mahakama Kuu iliulizwa juu ya mila hiyo kwa Wahaya ikajibu kwamba hadi mila yenyewe ibadilike, mahakama haina la kufanya.

Hapo ndipo uteuzi unapoonyesha uzito wake. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikacheleweshwa kutumika mahakamani hadi Machi 1988. Mwaka huo huo mama mmoja wa Kihaya, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashitaki. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ikamrudishia mama haki yake, na rufani ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 alihukumu kwamba mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba: auze kwa masharti yale yale ya mwanamume. Mila ilikuwa ile ile ya 1968. Waliobadilika ni Katiba na mtu aliyeisoma.

Wapo makada wanaonung'unika kwamba jaji mmoja asiyechaguliwa na wananchi hapaswi kupindua mila za watu. Hoja hii tunaiheshimu, ila tunawauliza: watu gani? Wanaume wa ukoo walikuwa na baraza lao. Mama yule, mlimaji wa lile shamba, baraza lake lilikuwa wapi kama si mahakamani?

Hata hivyo hukumu moja haimalizi kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Urithi ukabaki nyuma. Wajane wawili walipoishitaki ile amri ya mwaka 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba ina ubaguzi, kisha ikakataa kuifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao mwaka 2010 kwa kasoro ya hati, bila kugusa kiini cha shauri. Katika muda wa miaka thelathini na minane, Mahakama Kuu ilikuwa imerudi mlango ule ule wa 1968, safari hii ikiwa na Katiba mkononi.