Uta wa Ndovu katika Nyika ya Galana

Katika nyika iliyo nyuma ya Malindi, kandokando ya mto Galana, Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa uta na mshale. Uta ni neno la kale la Kibantu. Upinde, litokanalo na kitenzi pinda, ndilo lililoenea zaidi leo.

Uta wao ulihitaji nguvu ya ratili 100 au zaidi kuuvuta, wala haukukusudiwa kupeleka mshale mbali. Mwindaji alinyemelea hata akamkaribia mnyama, akalenga tumbo, mahali pasipo mbavu. Mshale ulikuwa mrefu na mzito, kwa kuwa mwepesi hupoteza kasi upesi ugusapo ngozi nene. Chembe ya chuma ilifungua njia tu. Kilichoua ni uchungu, yaani sumu ya msunguti, iliyopakwa nyuma ya chembe na kuzungushiwa ngozi isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo.

Msako wa miaka ya 1956 na 1957 katika mbuga ya Tsavo uliwapeleka wawindaji wengi gerezani. Pamoja na mata yao ilififia elimu ya kuyachagua, iliyorithiwa kwa kutenda, si kwa kuandikwa.